Madaftari ya misheni ni urithi wa Taita

Sisi tutokao Mraru, tukielekea Bura, hupitia Voi kisha Mwatate. Katika safari hizo sijapata kumsikia abiria akiuliza misheni ya Bura ilianzaje. Wengi wanajua kwamba kuna kanisa na shule, basi.

Itakumbukwa kwamba mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, lenye asili ya Ufaransa, walifungua misheni hiyo mwaka 1892. Mwaka uliofuata walipanda kahawa, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1899 waliwasili Masista wa Damu Azizi, shirika lililoasisiwa mwaka 1885 na Abate Franz Pfanner katika monasteri ya Mariannhill, Afrika Kusini. Kwa hiyo, ingawa Bura haikuwa monasteri, desturi ya kale ya watawa, yaani kusali, kulima na kuandika, ilifika hadi milimani mwetu.

Hilo la kuandika ndilo ninalotaka tulitafakari. Katika eneo la Silesia, ambalo leo limo nchini Poland, watawa wa Kisistersi walianzisha monasteri ya Henryków mwaka 1227. Baadaye katika karne hiyo waliandika kwa Kilatini kitabu cha habari za mashamba yao, nia yao ikiwa kulinda haki yao ya ardhi. Humo, mnamo mwaka 1270, mwandishi alitia maneno ya mlowezi mmoja kwa mkewe kama yalivyotamkwa. Sentensi hiyo ndiyo inayotambuliwa kuwa ya kwanza kuandikwa kwa Kipolandi. Mwaka 1810 serikali ya Prussia iliifunga monasteri hiyo na kuitwaa mali yake. Kitabu kilisalia, na mwaka 2015 UNESCO ilikiorodhesha miongoni mwa kumbukumbu za dunia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Henryków mali ilipotea, daftari likabaki, na taifa zima likapata ushuhuda wa lugha yake.

Je, sisi? Mwaka 1894 mmisionari wa Kianglikana J. A. Wray, aliyekaa Sagalla, alichapisha kitabu cha kufunza kile alichokiita lugha ya Taita. Kwa hakika alichoandika ni Kisagalla, ambacho si sawa na Kidawida. Jambo kama hilo haliwezi kubainishwa ila na watu wanaozijua lugha zenyewe. Nami, mwalimu wa isimu, huwapokea wanafunzi wa kutoka Taita wanaotamani kuchunguza lugha ya babu zao, na maandishi ya kale ninayoweza kuwakabidhi hayajazi kiganja.

Misheni za Kikatoliki ziliweka madaftari ya ubatizo na ya ndoa, na mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na desturi ya kuandika shajara vituoni mwao. Jina la mzazi au la kijiji, hata likiendelezwa vibaya na kalamu ya mgeni, ni habari ya ukoo na ya matamshi pia. Lakini hifadhi kuu ya shirika hilo iko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Mwanafunzi wa Mraru atafikaje huko?

Wako watakaosema kwamba maandishi ya wageni yamejaa dharau. Ni kweli, mengi yamejaa. Hata hivyo, dharau haifutwi kwa kuziachia karatasi mchwa. Hufutwa kwa kusomwa na kukosolewa na wenyewe waliosimuliwa.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Basi Kanisa, serikali ya kaunti na vyuo vikuu havina budi kuketi pamoja, nakala za maandishi hayo zitolewe na kuwekwa Voi, mahali ambapo mwananchi atazifikia. Kisha wazee wetu wasomewe, wasahihishe majina na maana, wangali nasi. Karatasi huenda ikangoja hifadhini miaka mia, lakini mzee anayeweza kuifafanua hangoji.