Bosi wa maspika anapoagwa Mbweni

Wiki hii sina umbea wa harusi wala wa mtu kufumaniwa. Nina risala. Ndiyo, risala ile ya "ndugu mgeni rasmi, mabibi na mabwana". Walionitwisha ni ukoo mzima wa upande wa baba. Walikaa kikao Mbweni bila mimi kuwepo (si mnavijua vikao vya ukoo, asiyekuwepo ndiye anayepewa kazi) wakaamua kwamba Ami anastaafu, ataagwa Ijumaa baada ya Laasiri, na atakayesema ni "yule wa gazetini".

Ami ni mkuu wa kampuni ya vyombo vya muziki. Msicheke. Kibao cha dukani kwake Mlandege kimeandikwa "kampuni", kwa rangi nyekundu, na katika kampuni hiyo yeye ndiye mkurugenzi, fundi mkuu, mtunza fedha na mfagiaji. Ukimpelekea redio kaseti inayokula mkanda, anaifungua, anasafisha hedi kwa pamba na spiriti, anabadilisha mpira, halafu kaseti yako anaijaribu kwenye maspika yake mwenyewe, yale makubwa ya mbao, ili ujue kwamba kile ulichonacho nyumbani ni makelele tu. Wiki ya pili unarudi unauliza bei ya spika. Ndivyo alivyouza miaka yote, bila tangazo hata moja redioni.

Sasa tabu yangu. Mimi na Ami tuna yetu. Mwaka 1997 nilipomaliza Form Four aliniita dukani, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina mtoto wa kiume. Haya yote yako." Nikamjibu kwamba mimi nataka kuandika kwenye magazeti. Jamani! Hakunitukana, hakunipiga. Aliichomoa tu pasi ya kulehemu kwenye umeme, akafunga duka saa nne asubuhi. Miaka miwili nilimwamkia "Shikamoo Ami", akanijibu "Marahaba" na neno la pili hakuna. Baadaye yalipoa, tukala pamoja, akanisimamia nilipooa. Lakini dukani kwake nilikuwa naingia kama mteja. Halafu leo mimi ndiye nisimame mbele ya watu nimsifu kwa kazi niliyoikataa?

Isitoshe, kuaga bosi kwetu kuna mtindo wake. Ofisini watu wanachanga, mstaafu anapewa bati, godoro au cherehani, anasomewa miaka ya utumishi, anapigwa picha, wali unaliwa, kesho yake anaulizwa funguo ya kabati. Ami hana ofisi ya kumchangia bati. Basi nikasema nitafute mkubwa mwenzake mwenye kazi kama yake, nione yeye aliagwaje. Nikampata Akio Morita, yule wa Sony.

Wakubwa wenzangu mnaijua Sony. Redio kaseti ilipofika mtaani kwetu imeandikwa jina hilo, imeletwa na ndugu kutoka Maskati au Dubai, watoto walipanga foleni kuigusa. Lakini kampuni yenyewe ilianza Mei 1946 Tokyo, mji umeungua kwa vita, watu kama ishirini tu, mkuu mwenzake akiitwa Masaru Ibuka. Na mnajua walijaribu kutengeneza nini mwanzo? Chombo cha kupikia wali! Pipa la mbao lenye vyuma vya umeme chini. Wali ukitoka ama mbichi ama ukoko mtupu. Hawakuuza. Ndipo wakageukia mikanda ya kurekodi, na mwaka 1955 wakatoa redio ya transista. Mwaka 1957 wakaja na ndogo waliyotaka kuiita ya mfukoni, lakini ilizidi mfuko kidogo, basi wachuuzi wao wakashonewa mashati yenye mifuko mikubwa. Ujanja wa Darajani kabisa.

Mwaka ule wa 1955 kampuni ya saa ya Marekani, Bulova, ilitaka redio 100,000 kwa sharti moja, ziandikwe jina la Bulova. Morita akakataa. Wakubwa wenziwe Tokyo walimwambia apokee, naye akashikilia kwamba jina letu ndilo litakalojulikana. Nilipomhadithia Ami juzi, akanitazama kama mtu aliyepungukiwa. "Redio laki moja?" akasema. "Mimi ningeandika jina la mamaake akitaka."

Lakini kilichonikamata mimi si redio. Huyu Morita alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba iliyokuwa ikipika sake, pombe yao ya mchele, vizazi kumi na vinne. Yeye alikuwa wa kumi na tano. Tangu utotoni alikuwa akikalishwa kwenye vikao vya biashara vya baba yake ajifunze urithi. Halafu akasema anakwenda kutengeneza vyombo vya umeme. Ikabidi Ibuka afunge safari mpaka kwao kumwomba mzee yule amwachie mwanawe, na mzee akamwachia, tena baadaye akawakopesha fedha. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikanywa maji. Kumbe huyu bwana mkubwa wa maspika mwenyewe alikataa duka la baba yake! Hiyo nikaipigia mstari.

Kuagwa kwake sasa. Asubuhi ya tarehe 30 Novemba 1993 Morita alikuwa anacheza tenisi, akapatwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 72. Mwaka mzima viongozi wenziwe walimngoja, na tarehe 25 Novemba 1994 akajiuzulu uenyekiti. Mtu aliyezunguka dunia nzima anazungumza, aliyeuza sauti kwa mataifa, aliagwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu na maneno yanamtoka kwa shida. Alifariki Oktoba 1999. Salamu zote nzuri alizotumiwa zilimkuta hawezi kujibu. Nikasema hapana, Ami hatangoji hivyo.

Kwa sababu, wasomaji, hapa inabidi niseme jambo ambalo ukoo haukulijua. Ami hastaafu kwa uzee. Ana miaka sabini na kitu, lakini ngazi anapanda. Anastaafu kwa masikio.

Aliyegundua ni yule binti anayefanya naye kazi, mtoto wa jirani yake, alikuja dukani kujifunza kutengeneza simu akaishia kwenye amplifaya. Siku moja mteja karudisha dekii, kasema ina sauti ya "shiii" nyuma ya muziki. Ami akasikiliza, akasema haina kitu. Mteja akasema ipo. Ami akapandisha sauti, akainamisha kichwa, akasema tena haina kitu, safari hii kwa hasira. Binti akanyamaza mpaka mteja alipoondoka, ndipo akamwambia taratibu, "Babu, ipo." Akaniambia yule binti kwamba Ami aliketi kimya mpaka adhana ya Adhuhuri.

Mtoto mdogo husikia mitetemo mpaka kama 20,000 kwa sekunde. Umri ukienda, zile sauti nyembamba za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, na zikiondoka hazirudi, na kelele kubwa za miaka mingi zinaharakisha. (Nyie mnaolala na hedifoni masikioni mmepandisha mpaka mwisho, nawaona.) Mtu anaweza kukusikia vizuri ukimwamkia, akawa haisikii tena kanuni inapopanda juu. Na Ami ni mtu wa kanuni. Maspika yake yote aliyapima kwa taarabu, anafumba macho, anangoja nyuzi za juu kabisa, zikitoka safi anakwambia chukua. Amezaliwa kwenye kisiwa kilichompeleka Siti binti Saad Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Siti mwenyewe mtoto wa Fumba, njia ile ile inayopita huku kwetu. Baba yake alikuwa na gramafoni. Mwaka 1951 Sauti ya Unguja ilipoanza, anasema aliizoea kabla hajazoea kusoma. Sasa ambiwe hasikii?

Kwa hiyo mkurugenzi akafunga midomo, akatangaza kwamba amechoka na safari ya gari ya 505 kila asubuhi, anataka kukaa kwake Mbweni alime mchicha. Ukoo ukaamini. Mimi niliambiwa na binti kwa siri, na nikakaa nayo wiki mbili bila kujua niiweke wapi kwenye risala. Hata leo ninaiandika hapa kwa sababu mwenyewe kaniruhusu. Kasema, "Andika, lakini jina langu usitie."

Ijumaa ikafika. Watu wamejaa uani chini ya mwembe, mikeka imetandikwa, haluwa, kahawa, ndege zinapita juu kila mara maana uwanja uko pua na mdomo, ikabidi risala isimame mara tatu. Nikawapa ile ya pipa la wali, wakacheka mpaka mke wa Ami akasema, "Basi huyo bora, wako huyu kachoma mpaka chai." Nikawakumbusha kiza kile cha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakina umeme miezi mitatu, matajiri wanahangaika na jenereta, sisi tunakusanyika barazani kwa Ami kwa sababu yeye alikuwa na redio kaseti ya betri na sanduku zima la betri za National aliloliweka akiba tangu hatujui lini. Kila usiku kaseti moja, upande A na upande B, basi. Watu walioacha kuzungumza walizungumza pale. Kuna ndoa mbili zilianzia pale, na moja ilivunjikia pale, lakini hayo tuyaache.

Halafu nikafika kwenye Morita na pombe ya baba yake. Nilikuwa nimeiandika vizuri, na mfano, na vichekesho. Nikatazama Ami, akanitazama. Ile karatasi nikaikunja. Nikasema tu, "Ami, mwaka 1997 ulinipa duka nikalikataa. Sikukataa kazi yako. Sikujua namna nyengine ya kusema." Nikakaa. Risala ikaishia hapo, bila "asanteni kwa kunisikiliza". Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Kamaliza?"

Ami akasimama kujibu. Alishukuru watu, akashukuru chakula, akasema duka halifungwi, funguo anazo binti yule, na asiyetaka kutengenezewa na mwanamke apeleke redio yake kwa mganga. Wazee wawili wakakohoa. Akasema, "Huyu mwandishi kanihadithia habari za Wajapani wake wiki nzima. Kasahau kuwaambieni moja. Kulikuwa na kijana mwanafunzi wa kuimba, kaandika barua ya kulalamika kwamba chombo chao cha kurekodi kinatoa sauti mbovu. Hawakumfukuza. Wakamwajiri. Akaja akawa mkubwa wao." Ni kweli, ni Norio Ohga, aliyekuwa rais wa Sony tangu 1982, mwaka ule ule walipotoa mashine ya kwanza ya CD. Ami akamwonyesha binti kwa kidole. "Huyu ndiye aliyenilalamikia mimi." Watu wakapiga makofi bila kujua kalalamikia nini. Binti akainama akajifanya anaokota vikombe.

Zawadi hakupewa yeye, alitoa yeye. Watu walipopungua aliniita ndani, akafungua kabati, akatoa Walkman ya kwanza kabisa, ile ya buluu na fedha ya mwaka 1979, aliyotumiwa na ndugu yake wa Maskati. Mnaoijua Walkman za baadaye hamtaamini, hii ina matundu mawili ya hedifoni. Morita ndiye aliyetaka hivyo. Aliichukua nyumbani kuijaribu, mkewe akachukia kuachwa nje, basi akaona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake. Akataka watu wawili wasikilize pamoja, na kuna kidude cha rangi ya chungwa ukikibonyeza muziki unapungua mnazungumza.

Ami akatia betri, akatia kaseti ya taarabu, mkanda umechakaa mpaka maandishi yamefutika. Hedifoni moja kanipa mimi, moja kavaa yeye. Tukakaa kitandani kama watoto. Fidla zikaingia, ngoma, halafu akanyanyua kidole kama anavyofanya dukani, akafumba macho. Akabonyeza kile kidude cha chungwa.

"Kanuni imeingia?"

"Imeingia, Ami."

"Safi?"

"Safi."

Akakiachia kidude, muziki ukarudi juu. Tukausikiliza upande wote, kisha akaigeuza kaseti.

Wiki ijayo nitarudi kwenye ile habari ya bwana harusi aliyekimbia na mpambaji. Barua zenu nimezipata, nimezisoma, na wengine mna midomo michafu.