Ua Letu Limekuwa Mgeni Kwetu

Lugha yetu ina vituko. Ua ni kile kinachochanua. Ua pia ni uwanja wa nyuma ya nyumba. Na ua, ole wako, ni amri ya kutoa roho! Mimi niliyaunganisha yote matatu: niliua ua uani kwetu. Kisa hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Likizo moja ya Desemba shangazi yangu alikuja Taita kutoka Nairobi akiwa na chungu kidogo cha plastiki. Ndani mlikuwa na mmea mfupi, majani yake mviringo yenye manyoya laini kama sikio la sungura, na maua ya zambarau yenye kijicho cha manjano katikati. Alikuwa ameununua kwa wauza miche wa kando ya barabara. Unaitwa urujuani wa Afrika, akatuambia. Baba aliutazama akauliza, "Na hili nalo linaliwa?" Sote tukaangua kicheko. Nyanya peke yake hakucheka. Alilipapasa jani moja, akasema, "Huyu si mgeni. Ndugu zake wako kule juu Mbololo, kwenye mawe yenye kivuli. Mmemlipia nauli mtu wa nyumbani."

Sikumwamini. Lakini shule zilipofunguliwa nilipekua vitabu, na kumbe nyanya hakukosea! Mwaka wa 1892, Mjerumani aliyekuwa mtawala huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona maua ya jamii hii pande za Usambara, akayapeleka kwa babake Ujerumani. Mwaka wa 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Tangu hapo yamekaa madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoyatunza hawajui Usambara iko wapi.

Sisi Wakenya nasi tunayo yetu. Aina moja, Saintpaulia teitensis, humea mwituni katika msitu wa Mbololo tu, wala hutaipata mwituni kwingine kokote duniani. Aina nyingine humea kwenye mawe ya chokaa huko Kilifi. Maua haya hupenda mwamba wenye kivuli na unyevu. Mti unaoyafunika ukikatwa, jua likapenya, basi nayo hukauka. Si ajabu kwamba yamo hatarini kutoweka.

Maoni yangu ni haya: ua hili tulipande majumbani mwetu, lakini lile la msituni tuliache msituni.

Kuna watakaosema, kama baba, kwamba maua hayaliwi, afadhali sukuma wiki. Siwalaumu. Penye shamba dogo kila shubiri ina kazi. Lakini ua hili halihitaji shamba, bwana! Linatosha ndani ya mkebe wa kasuku uliotobolewa chini, juu ya dirisha. Halimnyang'anyi mtu mboga yake.

Wengine watasema, mbona tusiyachukue yale ya bure? Binamu yangu aliposikia bei aliyolipa shangazi, macho yalimtoka. Akaninong'oneza, "Twende Mbololo na gunia, tung'oe, tukauze barabarani." Sitawadanganya wenzangu. Tamaa ilinishika, maana karo yangu ilikuwa haijakamilika. Nyanya akatusikia. "Mkiyamaliza kule juu," akauliza, "mtayang'oa wapi tena?" Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Isitoshe, hakuna haja ya kung'oa. Chukua jani moja tu la mmea wa nyumbani, lililokomaa, pamoja na kikonyo chake. Fupisha kikonyo kiwe kama pingili mbili za kidole. Kichomeke kwa kulalia upande katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, ulio na unyevu bila kulowa chepechepe. Baada ya mwezi hivi mizizi hutoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vichipukizi vikichungulia. Usiwe na papara, maana huenda ukangoja mwaka mzima kabla ya kuona ua. Liweke penye mwanga, lakini si penye jua kali. Maji yatie sahanini chini ya mkebe, udongo wa juu unapokauka.

Mimi sikuyajua hayo. Kwa mapenzi yangu niliutoa mmea wa shangazi nje uani ili "uote jua", kisha nikaumwagia maji baridi kichwani asubuhi na jioni. Majani yakaingia madoa, kitovu kikaoza, ukafa. Niliona haya hata kumtazama shangazi usoni. Kumbe nyanya, aliyeniona nikiuharibu, alikwisha kata jani moja mapema akalichomeka mkebeni jikoni bila kuniambia. Leo jani lile limekuwa mimea minne. Mmoja uko dirishani kwa baba. Siku hizi akija mgeni, baba ndiye anayeuonyesha, na swali la kula hajauliza tena!

Basi ombi langu kwa chama chetu na kwa walimu wetu ni dogo. Kila darasa lipate mkebe mmoja dirishani, na kila anayeutunza ajue Mbololo iko wapi na kwa nini miti yake isikatwe. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Dunia nzima imelikaribisha ua hili sebuleni. Sisi wenyewe tutalijua lini?

Atakayetaka jani, anione bwenini. Siuzi.