Hiyo si toi, msee: mlipe anayeunda gari dogo

Kuna swali ambalo kijana anayeunda magari madogo hulisikia kila mara, na kwa kawaida huulizwa na mtu mzima ambaye tayari ameliinua gari lenyewe na kulipindua kutazama tumbo lake: "Na haya magurudumu, umetengeneza mwenyewe?" Kijana akijibu kwamba hapana, yametoka kwa toi ya mitumba, mtu huyo hulirudisha gari mezani kama askari aliyenasa mwizi. "Aaa, kumbe umeunganisha tu."

Hilo neno "tu" ndilo tunalolipinga leo.

Hebu tazama zile nganya zinazotamba Nairobi, zile ambazo hata vijana wa Voi wanazijua kwa majina ingawa hazijawahi kupita Caltex. Nyingi zimekalia chasisi ya lori la Isuzu. Chasisi huja na injini, usukani na magurudumu, kisha fundi wa bodi anajenga juu yake kwa vyuma vya mraba, mabati, vioo, viti na taa alizopata kwingine. Kazi hiyo inatambulika kiasi kwamba Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina kiwango rasmi cha bodi za mabasi, KS 372. Sijasikia abiria akimwambia fundi huyo kwamba ameunganisha tu. Anaambiwa kazi ni safi, analipwa, na wenye pesa wanapanga foleni.

Sasa kijana wa Mwakingali akifanya jambo lilelile kwa udogo wa mara 24, ghafla anaitwa mtoto anayecheza.

Na si huku kwetu peke yake ambako vipande huchanganywa. Mwaka 1977 filamu ya Star Wars ilipotoka, watu walishangaa vyombo vya angani vilivyojaa vidude vidogovidogo hadi macho yakachoka. Vidude hivyo vingi vilikuwa sehemu za modeli za vifaru, ndege na magari zilizonunuliwa madukani, zikakatwa na kubandikwa upya. Marekani, tangu 1958, kampuni ya AMT ilikuwa ikiuza sanduku moja la gari lenye vipande vya kutosha kuliunda kwa namna tatu tofauti. Ukimaliza namna moja, unabaki na vipande vya ziada, na vipande vya ziada mikononi mwa kijana mwenye akili havikai bure. Injini ya gari hili ikahamia lile, rimu za lile zikaja hili. Hata Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo leo wapenzi wa modeli huitaja kwa heshima, ilianza 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao. Modeli za kwanza zilikuwa za mbao. Ya plastiki ilikuja 1960.

Kumbuka hilo la mbao, tutarudi kwalo.

Voi si mahali pa kuingia dukani ukatoka na seti ya gari kwenye sanduku lenye picha ya kung'aa. Lakini usidhani mji huu ni maskini wa vifaa. Uko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na kila kinachoshuka melini huenda kikapita hapa. Marobota ya mitumba huja na magari ya kuchezea yaliyovunjika, moja halina bodi, jingine halina matairi. DVD iliyokufa ina mota ndogo ndani. Spoki ya baiskeli ni ekseli tayari, na mrija wa kalamu uliokwisha wino ndio wa kuishikilia ili izunguke. Kandambili iliyokatika ni matairi. Hilo la kandambili halihitaji mwalimu. Kila aliyewahi kusukuma gari la waya kijijini analijua.

Halafu kuna mkonge. Ukitoka Voi kuelekea Mwatate unaona mashamba yake yakienda hadi macho yaishie. Mmea huo ukizeeka hutoa shina refu la maua, na shina hilo likikauka huwa jepesi ajabu na laini kukatwa kwa wembe. Huko ng'ambo waundaji wa modeli hununua mti mwepesi uitwao balsa, unaotoka Amerika Kusini, kwa bei ya kuumiza. Sisi tuna ndugu yake wa karibu kwa tabia, si kwa ukoo, na wengi hulitumia kama kuni au nguzo za boma. Omba ruhusa tu kabla ya kukata. Mashamba hayo yana wenyewe.

Basi ugumu uko wapi, ikiwa vitu vimejaa? Uko kwenye kipimo. Hapa ndipo "kuunganisha tu" kunapowashinda wanaokudharau.

Tuseme unataka kuunda lori kama yale yanayolala Maungu, kwa skeli ya 1 kwa 24. Lori halisi lenye upana wa mita 2.5, yaani milimita 2,500, linakuwa milimita 104. Gurudumu lenye kimo cha mita moja linakuwa karibu milimita 42. Dereva wa kimo cha mita 1.7 anakuwa milimita 71, na lazima aingie kwa mlango. Sasa umepata magurudumu mazuri kwenye toi ya mitumba, yana rimu zenye natibolti zote, lakini toi hiyo ilikuwa ya skeli ya 1 kwa 32. Gurudumu lilelile la mita moja huko ni milimita 31. Ukiyabandika kwenye lori lako, utapata ndovu aliyevaa viatu vya mtoto wa chekechea. Vigari vya Hot Wheels, ambavyo wengi huanza navyo kwa sababu viko kila mahali, huwa karibu na 1 kwa 64. Gurudumu hilo lingekuwa milimita 16 hivi. Havisaidii lori lako hata kidogo, isipokuwa uviweke nyuma yake kama mzigo wa toi.

Kwa hiyo kabla ya gundi kuguswa, kijana huyu amegawanya, amezidisha, amechora mbele, ubavu na juu kwenye karatasi ya grafu, na ameamua. Abadilishe skeli ya lori zima ili lifuate magurudumu aliyopata? Au atafute magurudumu mengine? Wazoefu wengi wanachagua la kwanza. Magurudumu ndiyo magumu zaidi kuyaunda kwa mkono, kwa hiyo gari zima hupimwa kuanzia hapo. Ni uamuzi uleule wa fundi wa nganya, anayeanza na chasisi aliyopewa.

Baada ya hapo ndipo shughuli yenyewe. Bodi ya kadibodi hulainika na kuvimba ikiguswa na unyevu, kwa hiyo wengine hulowesha karatasi kwa supagluu hadi iwe ngumu kama plastiki, kisha wanaipiga msasa. Wengine hukata plastiki ya mtungi wa mafuta ya kupikia, ambayo haikubali gundi nyingi na hukulazimu kutumia waya na vibanio. Kioo cha mbele ndicho mtihani. Njia nzuri niliyoiona ni hii: chonga umbo la kioo kwa mti, lipitishe ndani ya chupa ya soda ya plastiki, kisha pasha moto polepole. Chupa hujikunja na kulikumbatia umbo hilo. Ukikata unapata kioo chenye mkunjo kama cha lori la kweli. Ukiharakisha, unapata kitu kama ngozi ya kobe.

Rangi nayo huumbua. Plastiki tatu za rangi tatu, mti, karatasi na kipande cha bati, vyote vikipakwa rangi ya msingi ya kijivu, ndipo unapoona kila mwanya na kila mkwaruzo ambao jicho lilikuwa limekusamehe. Unarudi kwenye msasa. Unarudi tena. Asiyekuwa na subira anapaka nyekundu hapohapo, na mwanya unabaki milele ukicheka.

Tukiwa hapo, neno la usalama, maana hakuna anayelisema kwenye zile video za TikTok. Rangi ya kupuliza na supagluu si vitu vya kutumia chumbani usiku madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mbu. Tokeni nje. Na betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuikata ili "uone kama bado ina chaji". Inaweza kushika moto mkononi.

Twende kwa pesa. Tuchukue mfano wa lori lililochukua saa 60, na hizo si nyingi kwa kazi yenye vioo, taa na milango inayofunguka. Mteja anakuja, anapiga picha tatu, anaweka moja kwenye status, halafu anasema, "Nikupe elfu moja mia tano, si ni maboksi tu?" Hiyo ni shilingi 25 kwa saa, kabla ya kutoa gundi, rangi na nauli. Mara nyingi mteja huyo si mtu mbaya. Ni mjomba, ni mwenye gari la kweli anayetaka mfano wake wa kuweka mezani ofisini, ni mtu anayejisifu kwamba anainua vipaji. Lakini mtu yuleyule akipeleka gari kupuliziwa rangi mlango mmoja tu, hasemi ni bati tu.

Wenyeji wa kaunti hii wanapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Sisi ndio tunaoishi juu ya tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo na kuingizwa soko la dunia miaka ya 1970. Kila mzee wa Mwatate na Kasigau anajua kwamba jiwe likitoka shimoni bila kukatwa huuzwa kwa bei ya kutupa, na faida inakwenda kwa anayelikata na kuling'arisha. Tumelalamikia hilo miaka mingi, na tuko sahihi. Basi tunawezaje kulilia thamani ya mkono unaokata jiwe, halafu tukaudharau mkono unaokata plastiki?

Vijana nao wana lao la kufanya. Sema wazi vipande vimetoka wapi. Andika kwenye kikaratasi: magurudumu ya toi, mota ya DVD, bodi, ndani na rangi ni kazi yangu. Ukificha, ukigunduliwa, hata kile ulichochonga kwa siku tano hakitaaminika. Ukisema, yule wa "umeunganisha tu" hana la kugundua tena. Na uandike saa ulizotumia, kila siku, hata kwa daftari la kibanda. Ukijua ni saa 60, hutayumba mtu akikuletea bei ya saa tano.

Kwa wazazi tuna malalamiko. Masomo ya umilisi yameleta kazi za kuunda vitu nyumbani, na nia yake ni njema. Lakini jioni kabla ya siku ya kupeleka, mzazi anamlipa fundi wa mtaani amuundie mtoto gari, mtoto anapeleka, anapewa alama. Fundi mwenyewe, ambaye labda aliacha shule kidato cha pili, hana alama wala cheti. Ukishamlipa, mlipe basi amkalishe mtoto karibu naye amfundishe kupima. Utapata vitu viwili kwa bei moja.

Sasa kuna Gredi ya 10. Kundi la kwanza limeingia sekondari ya juu Januari 2026, na kila mwanafunzi ameelekezwa njia moja kati ya tatu: STEM, sanaa na michezo, au sayansi za jamii. Kijana anayeunda lori kwa skeli anafaa njia gani? Anapiga hesabu za uwiano, anafunga saketi ya taa, anachonga, anapaka rangi. Tunaogopa kwamba shuleni jibu litategemea alama za karatasi peke yake, na lori lake litabaki juu ya kabati nyumbani bila mwalimu yeyote kuliona.

Kwa walio nje ya shule, mlango upo ingawa hautangazwi vya kutosha. NITA hutoa mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia jua kali anaruhusiwa kuifanya bila kupita darasani. Hakuna mtihani wa magari madogo, lakini kuchomelea, kupaka rangi magari na useremala vipo, na mkono uliozoea milimita hautishwi na sentimita.

Kaunti ya Taita Taveta nayo haiwezi kutuambia kwamba hili ni la Nairobi. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Hatuombi jengo jipya wala uzinduzi wenye mahema na fulana. Tunaomba karakana zilizopo Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta zifunguliwe Jumamosi kwa kijana asiye mwanafunzi wa hapo: meza imara, jiliwa, tupa, drili ndogo, dirisha linalopitisha hewa, na mwalimu mmoja anayeweza kumwonyesha jinsi ya kusoma kalipa. Wengi wanaounda magari haya hawajawahi kushika kalipa. Wanapima milimita 104 kwa rula ya shule iliyofutika namba, na bado milango inafunga.