Mbwa anayejikojolea si mkaidi

Wenzetu kadhaa hapa Uingereza wanafuga mbwa kwa sababu watoto wamewashinda. Mbwa jike akafungwa kizazi, mwaka ukapita, asubuhi moja tandiko lake likakutwa limelowa. Basi ni kelele, kipigo, na mwisho kutafuta pa kumtupa. Nasi wetu tulimgombeza wiki nzima kabla ya kuuliza.

Tunasema huko ni kumwonea. Akitolewa ovari, homoni ya estrojeni hupungua, na msuli unaofunga njia ya mkojo unaweza kulegea. Mkojo humtoka usingizini, wala yeye hajui. Huweza kutokea hata miaka kadhaa baadaye, hasa kwa mbwa wakubwa.

Hatupingi upasuaji, maana humkinga na usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua. Tunachopinga ni ukimya. Daktari wa mifugo aeleze mapema, na mwenye mbwa aulize. Mkojo upimwe kwanza, huenda ni maambukizi au kisukari. Kama sivyo, zipo dawa, estrioli au fenilpropanolamini, na mbwa wengi hupata nafuu. Kumnyima maji si tiba, na fimbo haikazi msuli uliolegea.