MSINGI KWANZA, TANGAZO BAADAYE



Katika mkutano wetu uliopita neno moja lilizusha maneno mengi. Wenzetu wachongaji wa Tabaka walitaka chama kitoe fedha za kulipia matangazo katika Facebook na Google, ili wanunuzi wa mbali wapate kuviona vinyago vyetu. Wengine walipinga, wakasema afadhali fedha hizo zinunue barakoa za kuzuia vumbi. Mkutano ulifungwa bila kukata shauri. Sisi tunaoandika karatasi hii twatoa maoni yetu kabla ya mkutano mwingine, nayo ni haya: tusilipe hata shilingi moja ya matangazo mpaka tovuti yetu iwe imetengenezwa sawasawa.

Tangazo ni nini? Ni kibao cha njiani. Msafiri atoka mjini Kisii, aona kibao kikubwa kimeandikwa "Vinyago vya mawe, pinda kulia". Apinda kulia. Akikuta njia imefungwa na majani, kibanda kina kufuli, na hapana mtu wa kumwuliza bei, atageuza gari aende zake. Kibao kilifanya kazi yake, lakini fedha yake imepotea, na msafiri yule hatarudi tena. Tena kibao cha intaneti chaweza kutupa hasara kubwa kuliko cha njiani, kwa sababu mara nyingi hutozwa kila mtu anapokibonyeza, anunue asinunue. Basi kama duka ni bovu, kadiri wageni wanavyozidi ndivyo hasara inavyozidi.

Wazee wetu husema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo ni ya kweli pale Daraja Mbili sokoni, ambako mtu hushika ndizi kwa mkono wake, akaibonyeza na kuinusa. Lakini mnunuzi aliyeko London hawezi kulishika jiwe letu. Hajui kwamba ni laini hata ukucha waweza kulikwaruza, wala hajui ubaridi wake mkononi. Ajua yale tu anayoyaona katika kioo cha simu. Kizuri kilichofichwa hakijiuzi.

Na uzuri wa kazi yetu hauna shaka. Jiwe la Tabaka limefika hata makao makuu ya UNESCO mjini Paris, kwa mikono ya mchongaji Elkana Ong'esa. Lakini vinyago vingi hutoka kwetu kwa bei ndogo, vikapita mikononi mwa watu wawili au watatu, na mwisho huuzwa ng'ambo bila jina la Tabaka wala la aliyechonga. Hapo ndipo jasho letu linapopotelea.

Twakumbuka pia yaliyotupata sisi wenyewe. Tulimlipa kijana mmoja atutengenezee tovuti. Ilikuwa nzuri kwa macho, yenye picha kubwa zinazotembea. Lakini jina la tovuti aliliandikisha kwa jina lake, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Tulipokosana naye, mlango ukafungwa. Mwaka ulipokwisha, ada ya jina haikulipwa, tovuti ikatoweka, na sisi tulikuwa tumekwisha kuchapisha kadi zenye anwani hiyo. Hatumlaumu yeye peke yake. Kosa kubwa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuuliza. Sasa tuulize.

KWANZA, jina liwe la chama. Majina yanayoishia kwa .ke yako chini ya shirika la KENIC, na kila jina lina mwenyewe na ada ya kila mwaka. Mwenyewe awe chama, si fundi wala katibu. Neno la siri lijulikane na wadhamini watatu, na tarehe ya kulipa ada iandikwe katika kitabu cha mweka hazina kama tunavyoandika kodi ya ofisi.

PILI, tovuti iwe nyepesi. Wanunuzi wengi hutumia simu, na Google nayo yajua hivyo: mwaka 2016 ilitangaza kwamba itaanza kuzikagua tovuti kama zinavyoonekana katika simu, na mwaka 2023 ikasema imemaliza kuhamia huko. Picha nzito yala fedha ya mtazamaji na kumchosha. Kipimo chetu kiwe hiki: kila mwanachama aifungue tovuti kwa simu yake mwenyewe, akiwa kwenye machimbo ya Tabaka au katika kituo cha majani ya chai huko Nyansiongo, si kwa kompyuta ya ofisini. Ikikawia, mwanachama hatangoji, na mgeni hatangoji pia.

TATU, tovuti iwe na kufuli, maana yake anwani yake ianze na https. Tangu Julai 2018 programu ya Chrome humwonya mtu kwamba tovuti isiyo na kufuli hiyo si salama. Nani atatoa fedha yake mahali palipoandikwa kwamba si salama? Na kufuli hii si lazima inunuliwe, yapatikana bure.

NNE, maneno yafuatane na picha. Mashine ya kutafutia husaidiwa sana na maandishi. Picha ya bakuli zuri la rangi ya waridi, iliyopewa jina la namba tu kama ilivyotoka katika kamera, si rahisi kuonekana na anayelitafuta. Andikeni: bakuli, jiwe la Kisii, limechongwa Tabaka, upana wake, uzito wake, rangi yake. Yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo hutafuta kwa maneno yake, si kwa yetu.

TANO, bei na uzito visifichwe. Jiwe ni zito, na mara nyingine gharama ya kulisafirisha hupita bei ya kinyago chenyewe. Mnunuzi akiyajua hayo baada ya kulipa, atasema tumemdanganya. Mwambieni mapema: kinyago ni bei hii, kukifikisha Nairobi ni bei hii, kukifikisha ng'ambo ni bei hii, na kikivunjika njiani tutafanya hivi.

SITA, awepo mtu wa kujibu. Namba ya simu isiyopokelewa ni mbaya kuliko kukosa namba. Chama kichague mwanachama mmoja kwa zamu, alipwe posho yake, ajibu barua pepe na WhatsApp siku hiyo hiyo. Na majina na namba za wanunuzi zitunzwe, zisigawiwe ovyo, kwa maana iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

SABA, liwepo daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila juma tuandike: wangapi waliifungua tovuti, wangapi waliuliza, wangapi walinunua. Wakifungua wengi wasiulize, ubovu uko katika picha au bei. Wakiuliza wengi wasinunue, ubovu uko katika majibu yetu au katika usafirishaji. Bila hesabu hii, hata tangazo likileta faida hatutajua limeileta kwa njia gani.

Wako wanaosema, "Tovuti ya nini? Ukurasa wa Facebook watosha, tena ni bure." Twawajibu kwamba ukurasa huo ni mzuri, tuutumie, lakini ni kibanda katika shamba la mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Aliyekuwa na duka huko tu, siku hiyo duka lake lilikuwa limefungwa na ufunguo hakuwa nao. Tovuti ni shamba letu wenyewe. Facebook iwe njia ya kuwaleta wageni nyumbani.

Sasa twawajibu waliotaja barakoa. Ndugu hawa wamesema kweli. Vumbi la jiwe ladhuru mapafu, na wanaolivuta zaidi ni wale wanaokata na wale wanaopiga msasa. Hatusemi tovuti ije kabla ya pumzi ya mtu. Twasema barakoa zinunuliwe kwanza, kwa fedha zile zile zilizotakiwa kwa matangazo, na kitakachobaki kiweke msingi wa tovuti. Mambo saba tuliyoyataja mengi hayataki fedha nyingi. Yataka bidii na uaminifu.

Tena liko jambo ambalo twaliona kubwa kuliko yote. Mkulima wa chai wa Nyamira ajua maana ya mzani. Apeleka majani yake kituoni, asimama, atazama kilo zikiandikwa. Mzani ukifichwa, atapiga kelele, na ni haki yake. Sisi wa mawe hatujawa na mzani. Mama anayesugua kinyago kwa msasa na maji, kisha akakipaka nta, hajui kitauzwa kwa bei gani. Alipwa anachopewa, ashukuru, aende nyumbani. Tovuti ya chama ikiandika bei wazi, mama huyo ataisoma katika simu yake, au atasomewa na mwanawe. Siku hiyo, tukikaa mezani kupanga malipo, hatakuwa mwombaji. Atakuwa mtu anayejua hesabu.

Kwa hiyo, ndugu, twaomba mkutano ujao upitishe mambo matatu. Moja, barakoa zinunuliwe mara moja. Mbili, jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama, na wadhamini watatu wachaguliwe, mmoja wao awe katika akina mama wapiga msasa. Tatu, matangazo ya kulipia yangoje miezi sita, mpaka daftari lituonyeshe kwamba mgeni anayefika mlangoni hukuta mlango uko wazi.

Njooni mkutanoni, na mje na simu zenu. Tutaifungua tovuti yetu pamoja, na kila mmoja aseme ameona nini.

Umoja ni nguvu.