Arctic Monkeys: kwa nini albamu moja bado inawagombanisha mashabiki?

Tarehe 11 Mei 2018 bendi ya Arctic Monkeys kutoka Uingereza ilitoa albamu yake ya sita, Tranquility Base Hotel & Casino. Mashabiki waliokuwa wamesubiri karibu miaka mitano waliifungua wakitegemea magitaa ya kishindo. Walichokuta ni piano, sauti ya taratibu na hadithi ya hoteli iliyojengwa mwezini.

Tangu siku hiyo ubishi haujatulia. Wapo wanaosema bendi iliwatupa watu walioipandisha. Wengine wanasema hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Ukiingia leo kwenye mazungumzo ya wapenzi wa muziki huo, utakuta hoja zilezile, na hasira ileile.

Kwa msikilizaji aliye mbali na Uingereza, hili linaweza kuonekana kama ugomvi wa watu walioshiba. Lakini ndani yake mna swali linalomgusa yeyote anayemfuata msanii kwa miaka: nani mwenye neno la mwisho juu ya muziki, aliyeutunga au waliomlea aliyeutunga? Siku hizi swali hilo lina hesabu zake pia, kwa sababu kila unapobonyeza wimbo kwenye simu, kuna mahali unahesabiwa.

Bendi iliyolelewa na mashabiki

Ili kuelewa hasira ile, turudi Sheffield. Huu ni mji wa kaskazini mwa Uingereza uliojulikana kwa chuma cha pua, visu na vijiko. Huenda umewahi kuona jina lake limepigwa muhuri kwenye kisu cha zamani. Mwaka 2002, katika kitongoji cha High Green, vijana waliokuwa bado wadogo walianzisha bendi. Alex Turner aliimba na kupiga gitaa, Jamie Cook naye gitaa, Matt Helders ngoma. Besi ilikuwa kwa Andy Nicholson, ambaye aliondoka mwaka 2006 na nafasi yake ikachukuliwa na Nick O'Malley.

Hawakuwa na kampuni ya kurekodi. Walichoma nyimbo zao kwenye CD na kuzigawa bure kwenye maonyesho. Waliozipokea wakazinakili, wakaziweka mtandaoni, wakatumiana. Hata ukurasa wa bendi kwenye mtandao wa MySpace haukufunguliwa na wanamuziki wenyewe. Mashabiki ndio waliufungua. Watu wakawa wanajaa ukumbini wakiimba kila neno la nyimbo ambazo hazijauzwa popote.

Kampuni iliyowachukua hatimaye ni Domino ya London, na hapo ndipo linapoingia neno “indie”. Kwa asili lina maana ya muziki unaotolewa na kampuni ndogo zinazojitegemea, nje ya makampuni makubwa. Baadaye likawa jina la mtindo: roki ya magitaa, inayoimbwa na watu wanaofanana na jirani yako. Arctic Monkeys wanajaza viwanja vya mpira, na bado wanaitwa indie. Majina ya muziki ndivyo yalivyo, huchelewa kung'oka.

Wimbo wao wa kwanza kutolewa na Domino ulishika namba moja Uingereza Oktoba 2005. Januari 2006 ikafuata albamu, na wiki ya kwanza iliuza nakala zaidi ya 360,000. Hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuuza kwa kasi hiyo albamu yake ya kwanza nchini humo. Nyimbo zilisimulia usiku wa vijana wa Sheffield: teksi, mabaunsa, polisi, ugomvi wa mlangoni, zote kwa lafudhi ya nyumbani. Mwaka huohuo albamu ikapata Tuzo ya Mercury. (Kwa wasikilizaji wa Zanzibar: tuzo hiyo haikupewa jina la Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Jina ni la kampuni ya simu iliyoidhamini ilipoanza mwaka 1992.)

Kwa hiyo shabiki wa Arctic Monkeys anaposema “sisi ndio tuliowafikisha hapa”, hasemi majivuno matupu. Kwa bendi hii ni kweli kuliko kwa bendi nyingi. Mtu aliyechoma CD na kumpa rafiki yake mwaka 2004 alifanya kazi ambayo kwa kawaida kampuni hulipia fedha nyingi.

Kutoka kishindo hadi piano

Septemba 2013 ilitoka albamu ya tano, AM. Ngoma zake nzito ziliazima kutoka hip-hop, na gitaa lilipigwa polepole kama mtu anayetembea akijua anatazamwa. Ndiyo iliyoifungulia bendi milango ya Marekani kweli kweli. Ziara yake iliendelea hadi mwishoni mwa 2014, kisha kimya.

Wakati wa kimya hicho, Turner, aliyekuwa akiishi Los Angeles, alipewa zawadi ya piano na meneja wake alipotimiza miaka 30. Akaanza kutungia hapo badala ya kwenye gitaa, akirekodi peke yake nyumbani. Wenzake walikuja baadaye, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika katika studio ya La Frette karibu na Paris. Jina la albamu limetoka mahali chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini Julai 1969. Hata picha ya jalada ni mfano wa jengo ambao Turner aliutengeneza mwenyewe kwa makaratasi magumu.

Jambo lililochochea moto zaidi ni namna ilivyotolewa. Kwa desturi bendi hutoa wimbo mmoja au miwili mapema, wasikilizaji waonje na wajiandae. Safari hii hakuna kilichotangulia. Nyimbo zote 11 zilitoka siku moja, kila mtu akakutana na mabadiliko yote kwa mkupuo mmoja.

Hoja za pande mbili

Lalamiko la kwanza lilikuwa la gitaa, na halihitaji maelezo marefu. Aliyetaka kurukaruka hakupata wimbo wa kurukia.

La pili ni zito zaidi: kwamba hii si kazi ya bendi bali ni ya mtu mmoja, na Turner angeitoa kwa jina lake mwenyewe. Upande wa utetezi hujibu kwamba waliobaki wamo, ila wamejifunza kunyamaza. Sikiliza besi ya O'Malley. Mara nyingi ndiyo inayoushika wimbo usimwagike. Lakini ukimfuata Helders, ambaye kwenye albamu za mwanzo alikuwa injini yenyewe, utamwelewa aliyelalamika. Mpiga ngoma wa aina ile kuwekwa nyuma ya piano ni hasara, hata kama ilikusudiwa.

La tatu ni la maneno. Wapinzani wanasema hayaeleweki: mwezi, hoteli, sinema za zamani, habari za teknolojia, vyote katika ubeti mmoja. Hapa nadhani wanakosea. Kilichoifanya albamu ya 2006 ipendwe ni jicho la mtu anayetazama watu wakijidanganya usiku. Jicho hilo halijaondoka. Limehama tu, kutoka foleni ya teksi hadi kwa watu walioinamia skrini. Wimbo wa “Four Out of Five” unatangaza mgahawa ulioko mwezini ambao umepewa nyota nne kati ya tano. Ni kejeli juu ya tabia yetu ya kupima kila kitu kwa nyota, na wakosoaji wa magazeti wakaipima albamu yenyewe kwa nyota hizohizo.

Kuna pia suala la umri, ambalo halitajwi sana ingawa linaeleza mengi. Turner alikuwa na miaka 20 albamu ya kwanza ilipotoka, na 32 hii ilipotoka. Shabiki aliyekuwa na miaka 17 wakati wa albamu ya kwanza alikuwa amefika 29, pengine ana mtoto na kodi ya nyumba. Anaposema anataka muziki wa zamani, sehemu ya anachokitaka haimo mikononi mwa bendi.

Namba zinasemaje?

Albamu ilishika namba moja Uingereza, ikawa ya sita mfululizo kwa bendi hiyo, ikiwa na mauzo ya wiki ya kwanza yapatayo 86,000. Wapinzani huiweka namba hii kando ya ile 360,000 ya 2006 na kusema: tazameni, watu wamekimbia. Ulinganisho huo hauna haki. Mwaka 2006 aliyetaka kusikiliza alinunua CD. Kufikia 2018 wengi walisikiliza mtandaoni bila kununua chochote, na inahitajika mara nyingi sana za kusikiliza ili ihesabiwe nakala moja.

Namba ya maana zaidi ni nyingine. Katika hizo 86,000, karibu 24,500 zilikuwa santuri, zile sahani kubwa nyeusi za wazee wetu. Hakuna santuri iliyokuwa imeuzwa kwa kasi hiyo Uingereza kwa miaka 25. Santuri ni ghali kuliko njia nyingine za kununua muziki. Zaidi ya robo ya wanunuzi walichagua njia ya gharama kubwa kwa albamu inayodaiwa kuwafukuza mashabiki.

Biashara ya mtandaoni nayo ina kanuni yake. Kwenye Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, wimbo haujahesabiwa hadi usikilizwe kwa sekunde 30. Ndiyo maana watunzi wengi sasa huharakisha kiitikio, wakunase kabla hujaruka. Albamu inayojivuta kama hii inakwenda kinyume na hesabu hiyo. Bendi ndogo isingethubutu.

Mashabiki wapya waingia

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna upande uliolitegemea. Wimbo wa mwisho wa albamu ya 2013, “I Wanna Be Yours”, uliojengwa juu ya shairi la John Cooper Clarke, ulipata maisha mapya miaka kadhaa baadaye kupitia video fupi za simu. Haukuwahi kutolewa kama wimbo wa kutangulizwa. Leo umesikilizwa zaidi ya mara bilioni 2 kwenye Spotify pekee. Vijana waliouingiza huko wengi walikuwa watoto wadogo CD zile zilipogawiwa Sheffield. Hawana kisa na kishindo cha 2006 wala hoteli ya mwezini. Wanataka wimbo wa mapenzi. Ubishi wa “shabiki wa kweli” umepata upande wa tatu.

Bendi yenyewe haikurudi nyuma. Albamu ya saba, The Car, ilitoka Oktoba 2022 ikiendelea na njia ileile, safari hii kwa vinanda vingi vya nyuzi. Ilitoka siku moja na Midnights ya Taylor Swift, ikaishia namba mbili, na mfululizo wa namba moja ukakatika. Juni 2023 walipofunga usiku wa Ijumaa kwenye tamasha la Glastonbury, kwa mara ya tatu baada ya 2007 na 2013, walifungua kwa wimbo mzito wa taratibu kutoka The Car. Walifunga kwa kishindo cha “R U Mine?”.

Ukitaka kuamua mwenyewe, Tranquility Base Hotel & Casino ina urefu wa dakika 41 hivi. Kwa ubora wa kawaida wa simu inakula takriban MB 30 hadi 50 za bando, na ilitungwa isikilizwe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama bando halitoshi, nenda wimbo wa sita, ule wa nyota nne kati ya tano. Una dakika tano na ushee, na unapanda sauti kadiri unavyokwenda, kwa hiyo usiuzime katikati.