Basketi ya wasichana Lubumbashi: kambi inapima urefu, na mengine anapima nani?

Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi. Myck Kabongo pia. Oscar Tshiebwe, aliyechaguliwa mwaka 2022 kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani akiwa na timu ya Kentucky, naye ni mtoto wa mji huu. Vijana wa Kamalondo ama Kampemba wanaocheza basketi jioni watakutajia majina hayo matatu bila kufikiri. Waombe sasa jina la msichana wa Lubumbashi aliyepita njia hiyo. Wataangaliana.

Jibu la haraka, ambalo tunalisikia hata kwa makocha, ni kwamba wasichana wetu hawana kiwango. Historia ya nchi inakataa. Timu ya wanawake ya Zaire ilichukua ubingwa wa Afrika mara tatu, mwaka 1983, 1986 na 1994. Wanaume wetu hawajauchukua hata mara moja. Mwaka 1996 wanawake hao walifika kwenye michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Kwa hiyo vipaji si jambo la kutafuta kwa tochi. Swali letu ni namna wasichana wanavyopimwa siku ile wageni wenye kalamu wanapokaa pembeni ya kiwanja.

Kambi za kuonyesha vipaji zinafanyika zaidi wakati wa likizo kubwa, siku mbili tatu, mara nyingine wiki nzima. Mtoto anafika, anaandikwa jina na umri, anasimama ukutani bila viatu apimwe urefu, ananyoosha mikono, anaruka. Halafu yanakuja mazoezi ya kudundisha mpira, ya kutupa, ya mbio fupi, na mwishoni mechi za watano kwa watano. Utaratibu huo uliwekwa kwanza kwa ajili ya wavulana, na kwa wavulana una maana yake. Mvulana anakua kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, na anaweza kuendelea kuongezeka mpaka 17 ama 18. Anayempima akiwa na miaka 15, mikono mirefu na miguu mikubwa, anabahatisha juu ya mwili ambao bado haujamalizika.

Kwa msichana hesabu ni tofauti. Kasi yake kubwa ya kukua inakuja karibu na miaka 12, na akifika 15 mara nyingi amekaribia kumaliza. Ukimwacha msichana wa miaka 16 ukisema bado mfupi, ama ukimchukua kwa matumaini kwamba ataongezeka, umetumia kipimo cha kaka yake. Kuna kosa jingine ambalo linaumiza zaidi. Msichana wa miaka 13 aliyewahi kukua anawapita wenzake kwa kichwa kizima, basi kocha anamsimamisha chini ya kikapu na kumwambia anyooshe mikono. Anashinda kila mechi. Miaka minne baadaye wenzake wamemfikia kwa urefu, wao wanajua kudundisha mpira kwa mikono yote miwili na kutupa kutoka mbali, yeye hajui, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumfundisha.

Tumtazame Mwadi Mabika wa Kinshasa. Urefu wake ni mita 1.80 hivi, urefu ambao kwenye ukuta wa kambi haumshangazi mtu. Kule Atlanta Zaire ilipoteza mechi zote, na Marekani iliifunga 107 kwa 47. Aliyesoma matokeo tu aliona timu iliyopigwa. Lakini mwaka uliofuata, 1997, ligi ya WNBA ilipoanza, Mabika alikuwa ndani ya Los Angeles Sparks, na alichukua ubingwa nao mwaka 2001 na 2002. Mtu alimwona binti anayetupa kutoka mbali, anayekaba, asiyeinamisha kichwa timu yake ikiwa nyuma kwa pointi hamsini. Mambo hayo hayaandikwi kwa mita.

Kwa maoni yetu, anayetathmini wasichana angeanza hapo. Anafanya nini dakika ile baada ya kupoteza mpira? Anarudi kukaba, ama anaangalia kocha kwa uso wa kuomba msamaha? Akielezwa jambo asubuhi, jioni analifanya? Asipokuwa na mpira anatembea, ama anatafuta nafasi? Mkono wa kushoto unafanya kazi? Wasichana wengi wa huku walianza kushika mpira wakiwa wakubwa, juu ya kazi za nyumbani na juu ya wazazi waliokataa, kwa hiyo aliyecheza miaka miwili tu na anajifunza haraka anaweza kuwa na thamani kuliko mwenzake aliyecheza sita na kusimama palepale. Siku ya kwanza ya kambi haionyeshi tofauti hiyo. Siku ya tatu inaanza kuionyesha, ikiwa mtu aliandika ya siku ya kwanza.

Kuna jambo la goti pia. Wasichana wanaocheza basketi wanakatika ile kano ya ndani ya goti, ligament croisé kama madaktari wetu wanavyoiita, mara kadhaa zaidi ya wavulana. Dalili moja inaonekana kwa macho: msichana anaruka, na akitua magoti yanaingia ndani, yanakaribia kugusana. Kwenye viwanja vya saruji vya shule zetu hilo si jambo la kupuuzwa. Mazoezi ya kujifunza kutua vizuri, dakika kumi kabla ya kila mazoezi, hayadai dola hata moja. Mtathmini anayepima mruko kwa sentimita bila kutazama namna mtoto anavyotua amefanya nusu ya kazi.

Watu watatujibu: na Biyombo je, si alijulikana kwa mechi moja? Ni kweli kwamba Aprili 2011, kwenye mechi ya Hoop Summit kule Portland, alipata pointi 12, akachukua mipira 11 iliyorudi kutoka kikapuni na kuzuia mitupo 10, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa saba kuingia NBA. Lakini wakati huo alikuwa tayari anacheza na watu wazima katika ligi ya Hispania, na timu ya Fuenlabrada. Mechi ile ilithibitisha msimu mzima. Msichana wetu anafika kambini bila msimu nyuma yake. Mechi za mashindano ya shule ni chache, na mara nyingi meza inaandika pointi na makosa tu, halafu karatasi inapotea. Siku mbili za kambi zinabeba mzigo ambao ungebebwa na miaka mitatu ya daftari.

Sehemu ambayo wazazi wanaelezwa kidogo zaidi ni shule. NCAA, shirika linaloongoza michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, haiangalii mpira peke yake. Kwa daraja la kwanza inataka kozi 16 za msingi katika miaka ya sekondari kuanzia mwaka wa tisa wa masomo: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia na nyingine za namna hiyo. Mwaka wa tisa kwetu ni mwaka wa kwanza wa humanités. Hapo ndipo familia inachagua seksioni, na binti wengi wanapelekwa coupe-couture. Hatudharau ushonaji, umelisha nyumba nyingi za Katuba na Kenya. Lakini saa za cherehani hazihesabiwi katika zile 16. Msichana anaweza kuwa bora kambini akiwa na miaka 17, mgeni akaomba buletini, na hadithi ikaishia hapo. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwambia pia.

Tuseme na jambo ambalo linazungumzwa kwa sauti ya chini. Mahali ambapo neno la mwanaume mmoja linaamua nani anapanda ndege, binti yuko hatarini. Mwaka 2021 nchini Mali, kocha wa timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 18 alikamatwa na kushtakiwa kwa unyanyasaji wa kingono dhidi ya wachezaji. Rais wa FIBA wa wakati huo, mtu wa Mali, aliachia nafasi yake uchunguzi ukiendelea, na uchunguzi huo ulionyesha kwamba mambo hayo yalikuwa yamezoeleka ndani ya shirikisho la nchi. Tathmini iliyoandikwa, yenye saini za watu wawili ama watatu na mwanamke mmoja kati yao, inapunguza nguvu za mtu mmoja. Kama kambi haina mama yeyote kati ya wanaochagua, mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mfano wa kujenga kwa siku nyingi tunao hapa mjini. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya mpira wa miguu kwa kuifunga AS FAR ya Morocco bao 1 kwa 0. Timu ya namna ile haiokotwi kambini: klabu inawaona wachezaji kila siku, inajua nani ameumia, nani amekomaa. Basketi haina pesa ya Mazembe, tunajua. Lakini daftari haidai pesa ya Mazembe.

FEBACO na entente ya mji wangeweza kuanza na fishi moja kwa kila msichana wa shule anayecheza: tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, urefu kila Septemba na kila Juni, mechi alizocheza, seksioni anayosoma, alama za mwaka, majeraha. Nakala moja ibaki kwa mzazi. Na kila kambi inayofunguliwa Lubumbashi idaiwe, kabla ya kupewa kiwanja, imrudishie kila binti karatasi inayosema alionekana vipi na afanyie kazi nini, hata yule ambaye hakuchaguliwa. Hasa yeye, kwa kuwa ndio walio wengi, na wengi wao leo wanarudi nyumbani na tisheti tu.

Masomo yakirudi Septemba, wasichana wa mwaka wa kwanza wa humanités wataandikishwa katika seksioni zao. Mzazi ambaye binti yake anapenda mpira aende kwa prefe mapema kuuliza ni saa ngapi za hesabu na za Kiingereza ziko katika kila seksioni, kabla orodha hazijafungwa.